Niliona Hatua Zako Zikipungua

Fundi wangu Nekesa,

Barua zetu za zamani zilianza kwa "mimi sijambo, sijui wewe." Leo nimeshika kalamu nikaona hilo haliwezekani, kwa sababu hali yako naijua, yangu ndiyo siijui. Basi nianze na habari yenyewe. Nimekupoteza tena. Mara ya kwanza alikuchukua Mungu, na kwa Mungu hakuna rufaa. Mara ya pili nimekupoteza mimi mwenyewe, mchana kweupe, ndani ya duka la simu, huku watu wakiniambia hongera.

Naandika kwenye karatasi ya kaki, ile ya kukatia vipimo, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Upande wa nyuma nimechora sketi ya shule yenye marinda. Mwenye sketi atangoja. Tangu uondoke nimekuwa fundi wa "njoo kesho," wale tuliokuwa tukiwasema vibaya mimi na wewe.

Ile simu yangu yenye ufa kwenye kona ilianza kuvimba betri. Ikavimba mpaka mgongo wake ukainuka kama chapati kwenye kikaango. Binti yangu Wangari alipokuja kunitembelea akaiona, akaniambia, "Mum, hii kitu italipukia kwa mfuko yako, na hutasema sikukuambia." Akaninunulia nyingine, pana, nyeusi, inang'aa mpaka najiona ndani yake nikiwa na miwani. Nilijidai kukataa mara mbili, kama adabu inavyotaka, kisha nikaipokea kwa mikono miwili. Yusuf, fundi wa simu aliye karibu na msikiti, akahamisha namba zote na picha zote. Akasema kila kitu kiko ndani. Ile ya zamani nikamwambia aichukue, apate vipuri. Siku hiyo nilikuwa mkarimu sana.

Kesho yake asubuhi nikafunga kamba za viatu, nikafungua ile programu ya kuhesabu hatua, nikakuta duara moja tu. Langu.

Unakumbuka yalikuwa mawili. La kijani langu, la manjano lako, yamekaa bega kwa bega, kila moja likijaa kadiri mwenyewe anavyotembea. Hii mpya haina ukurasa wa marafiki. Inanipimia mapigo ya moyo, inanipimia usingizi, inanikumbusha nivute pumzi, kana kwamba nilikuwa nimesahau. Nikamwendea Yusuf kabla hajafagia duka lake. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, mwishowe akanirudishia simu taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kilichovunjika.

"Hiyo kitu walitoa, Mama Wangari. Kwa hii mpya haiko. Ati watu wengi hawakuwa wanaitumia."

Nikamwambia mimi nilikuwa naitumia. Akaitafuta ile ya zamani kwenye kasha la vipuri, akakuta kioo amekwisha kukitoa. Akakirudisha, akaunganisha na betri ya simu nyingine, akaipuliza vumbi, akaibonyeza kwa muda mrefu kuliko alivyolazimika. Haikuwaka. Nikakaa kwenye benchi lake nikalia mbele ya wateja. Yusuf, mtu wa watu, akafikiri nalilia simu, akaniagizia chai.

Sasa utauliza, duara la mtu aliyezikwa lina nini ndani hata mtu mzima alililie? Nitakueleza, maana hayo yalitokea nyuma yako. Lakini nipitie kwanza njia tuliyopita, ili nikifika pale pabaya usiseme nimeruka.

Miaka kumi na mmoja tulikaa kwenye baraza moja hapa Kitale, mashini yako na yangu zikitazamana, na juu yetu kibao ulichokibuni wewe: Mvua na Mavuno. Mimi Nyambura wa mvua, wewe Nekesa wa mavuno. Wateja walidhani tunauza mbegu. Kuna mzee alikuja kuulizia mbolea ya kupandia, wewe ukamzungushia utepe kiunoni bila kumjibu, ukamwambia suruali itakuwa tayari Ijumaa. Na Ijumaa akaja kuichukua! Mpaka leo hupita akiwa ameivaa. Juzi aliniuliza yule mama mwingine yuko wapi, nikamwambia umesafiri.

Kisha sukari ikatupata sote wawili katika mwaka mmoja. Daktari wa kliniki akatutazama, fundi na fundi, akauliza tunakaa saa ngapi kwa siku. Tukamwambia tangu jua lichomoze. Akasema tutembee, na mandazi tuyaage. Tukaanza kwa kuzunguka soko, tukaongeza, tukaongeza, mpaka tukawa tunafika uwanja wa maonyesho na kurudi kabla ya kufungua baraza. Mimi nilikuwa wa kulalamika na wewe ulikuwa wa kuhesabu. Ulihesabu kwa mdomo, mpaka mia, kisha unaanza upya, na nikikusemesha katikati unanirudisha nyuma mpaka kwenye nguzo ya stima ulipopotelea. Wangari ndiye aliyetuhurumia akatuwekea hiyo programu.

Magoti ya mama yako yalipogoma ukalazimika kurudi Sirisia kumtunza. Ndugu zako wako Nairobi na kazi zao, wewe hukujaliwa mtoto, nani mwingine angekwenda? Tulipofunga mashini yako kwa kamba juu ya pikapu uliniuliza nitatembea na nani. Nikakujibu, na wewe. Ukacheka, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi huku nikielekea uwanja wa maonyesho, wewe kule ukiteremka mtoni na kupanda, na maduara yetu mawili yakijaa pamoja. Atakayemaliza kwanza anamwandikia mwenzake: "Amka, fundi." Hatukupigiana simu sana. Hatukuona haja. Duara lako likijaa najua umeamka, umekunywa dawa, una nguvu. Tulijiambia kwamba mwenye hatua hana haja ya salamu, tukajiona tuna akili kuliko watu wanaomaliza pesa za simu kuulizana mmeshindaje.

Na sasa ni pale pabaya.

Jumatatu ile duara lako lilifika nusu. Jumanne likafika robo. Jumatano, saa sita mchana, lilikuwa na hatua mia mbili na kumi na mbili. Namba hiyo nimeikariri kuliko tarehe niliyozaliwa. Niliiona nikiwa nimesimama nje ya duka la vitambaa nikingoja kukatiwa mita mbili za bitana, nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mwenye duka akaniuliza kuna nini. Nikakuandikia, "Fundi, umejishonea kwenye shuka?"

Ukanijibu neno moja. "Kesho."

Alhamisi ilikuwa arobaini. Nikakuita mvivu. Nikakuandikia kwamba duara lako limekuwa kama ukucha, na kwamba mwaka huu nitakuacha nyuma mpaka usahaulike. Hukujibu, nikasema amenuna, itampita. Ijumaa asubuhi jirani yenu akanipigia.

Habari ya kidonda niliipata matangani. Zile raba zako za mitumba zilikuchuna kidole, ukakifunga na kitambaa, ukanyamaza, na sukari ikafanya kazi yake. Ndiyo maana hukutembea. Hatua arobaini ni kutoka kitandani kwenda choo cha nje na kurudi, mara moja tu, kwa siku nzima. Mimi ninayemtazama mtu akipita barabarani nikajua kiuno chake ni inchi ngapi, nilitazama arobaini nikaona uvivu.

Gauni lako la mwisho nilikushonea mimi. Nilitumia vipimo nilivyokuwa navyo kichwani, na likakupwaya mabegani. Wanawake wa kanisa wakalikunja nyuma na kulibana kwa pini. Hukukonda kwa siku tano zile, Nekesa. Ulikuwa umeanza kukonda zamani, na duara halipimi kukonda. Pini zile zinanichoma mpaka leo.

Tukakuzika, mvua ikanyesha, nikarudi Kitale. Siku ya tisa, asubuhi, saa ile ile yako, nilikuwa nikitia uzi kwenye sindano, simu ikatoa ule mlio. Duara la manjano limesogea. Hatua mia tatu. Sindano ikapita pembeni ya ukucha, na sikuisikia.

Usinicheke. Sikuamini kwamba ni mzimu. Nilijua kuna mtu ameichukua simu yako anatembea nayo. Nikapiga. Ikalia mpaka ikakatika, hakuna aliyepokea. Nikapiga tena, hakuna. Basi sikupiga tena, na hapo naomba unielewe hata kama huwezi. Ningeendelea kupiga angepokea mtu, na angekuwa mtu mwingine. Nilitaka uwe wewe. Kesho yake zikawa mia tano. Baada ya juma moja zikawa elfu mbili, na zikakaa hapo hapo, elfu mbili kila siku, asubuhi tu, kama mtu mwenye kazi yake.

Miezi mitano nilitembea nawe hivyo. Nilikuwa nikifika kwenye ile nguzo ya stima nasimama, nafungua simu, nakungoja ufike elfu moja ndipo niendelee. Watu wakipita wanafikiri nimechoka. Nilijiambia kwamba safari hii naangalia. Nilikulinda kama maziwa yaliyo motoni. Safari hii duara likipungua hata hatua mia, sitaandika upuuzi, nitafunga baraza niende Sirisia siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimepewa nafasi ya pili, sijui na nani, nami niliishika kwa mikono miwili.

Halafu nikapokea simu mpya kwa mikono hiyo hiyo.

Wiki sita baada ya hapo sikuwa mtu. Viatu nikavisukuma chini ya kitanda. Kutembea na duara moja ni sawa na kuzunguka zunguka tu, niende wapi? Nikakata blauzi ya mama mchungaji, nikashona, nikaipiga pasi, alipokuja kuijaribu tukaona mikono yote miwili ni ya kushoto. Kliniki nao wakanipima wakanigombeza mbele ya watu. Nikawasikiliza nikatoka nikaenda nikanunua mandazi matatu, nikayala yote nikiwa nimesimama. Nakuambia ili ujue nimefika wapi.

Nilipopata ujasiri wa kupiga namba yako, niliambiwa mteja hapatikani. Nikapiga kila siku kwa siku nane. Mteja hapatikani. Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi, nikafunga baraza.

Nilipita Kiminini, nikafika Bungoma nikashuka kumnunulia mama yako majani ya chai, mkate na sabuni. Kidogo ninunue na sukari, mkono ulikuwa umeshaishika pakiti, nikairudisha. Nyumbani kwenu nilifika saa saba. Mahindi yameanikwa ua mzima, na mama yako amekaa mlangoni anapukuchua. Nikapiga hodi, hakusikia. Masikio yake yameisha kabisa, Nekesa, kuliko ulivyoyaacha. Kivuli changu kilipoanguka kwenye ungo akainua kichwa, akanitazama kwa muda mrefu, gunzi likamtoka mkononi.

"Nyambura," akasema. "Si wewe ulikufa?"

Niliinama nikamwambia sikioni kwamba sijafa. Akanishika uso, akanishika mabega, akanipapasa kama mtu anayenunua kitambaa. Kisha akanikalisha kwenye kigoda akanieleza, kwa sauti ile ya viziwi inayofika mpaka kwa jirani.

Simu yako anayo yeye. Anajua kuifungua mahali pamoja tu, kwenye maduara, kwa sababu hapo ndipo ulipomwonyesha. Kila asubuhi alikuwa akiona la kijani linajaa, anasema Nyambura ameamka. Siku moja la kijani likawa tupu. Akasema nimechoka. Siku ya tatu akasema nina homa. Siku ya tisa akamwomba mzee wa kanisa anitaje kwenye maombi, na kwa kuwa alisema nimewafuata waliotangulia, nikatajwa pamoja nao. Nimeombewa pumziko la milele kanisani kwenu, fundi, nikiwa hai huku Kitale nakula mandazi. Baada ya maombi akaizima simu, akaifunga kwenye kilemba chako, akaiweka chini ya godoro. Aliona haina kazi tena.

Nikamuuliza, kwa ishara na kwa kelele, ni nani aliyekuwa akitembea nayo. Akashika fremu ya mlango, akainuka kwa taabu, akanipeleka ndani.

Mashini yako iko dirishani. Umeiacha na kifuniko, yeye amekitoa. Haina uzi, haina kitambaa, na mkanda wa gurudumu ameuvua ili isiwe nzito. Akakaa kwenye kiti chako. Akachukua utepe wa kitenge, akanionyesha jinsi alivyokuwa akiifunga simu kwenye kifundo cha mguu, na akaanza kukanyaga. Magoti yake hayawezi kubeba mwili, lakini akikaa nyayo zake zinakanyaga vizuri. Alikuwa amekuona siku moja ukishona na simu ndani ya soksi, duara likijaa bila wewe kutoka kwenye kiti, na ukacheka mpaka ukalia.

Kwa hiyo yule niliyetembea naye miezi mitano ni mama yako, ameketi peke yake dirishani, akikanyaga mashini isiyoshona chochote. Nilimuuliza kwa nini. Akanishangaa, kama nimeuliza kwa nini watu hupika.

"Mimi naishi pekee yangu. Simu ikilia sisikii. Nikasema, Nyambura anaangaria. Siku moja nikikosa kuamka, hiyo kitu itakuwa zero, na yeye atakuja."

Akaendelea kukanyaga huku akizungumza, na hakuwa akinitazama. Nimejaribu kuliandika hili mara tatu, Nekesa, na mara tatu nimeweka kalamu chini. Nitaliandika kama alivyolisema.

"Mguu wa Nekesa ukiwa mbaya nilimwambia, piga simu kwa Nyambura, akuretee gari mwende hospitali. Akasema, hakuna haja, Mama. Nyambura anaona. Atakuja tu."

Ulikuwa ukiningoja.

Jumatano uliningoja. Uliposoma kwamba umejishonea kwenye shuka, ukajibu kesho, ulikuwa ukisema nini? Ulikuwa ukiniuliza kama nitakuja kesho? Alhamisi ulikwenda choo cha nje na kurudi, na labda ulibeba simu mkononi makusudi, ili nione arobaini. Nikaiona. Nikakuandikia ukucha. Ulisoma hayo ukiwa umelala? Mama yako anasema siku hiyo jioni ulimwomba akusogeze mahali unapoweza kuona lango.

Sijui nifanye nini na hilo. Sijui kulikata wala kulikunja. Watu husema majuto ni mjukuu, lakini mjukuu humchezea bibi yake, na haya yangu yamekaa tu yananitazama.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Yote uliyosoma mpaka hapa ningeweza kuyabeba kimya kimya, kama watu wengine wanavyobeba yao. Mama yako aliacha kukanyaga. Akanigeukia, akauliza taratibu, bila ukali hata kidogo.

"Kwani hukuona?"

Mkoba wangu ulikuwa mapajani, na ndani yake ile simu mpya inang'aa. Nikaitoa. Nikamwonyesha. Nikamwambia sikioni, "Ile ya zamani ilikuwa imeharibika, Mama. Sikuona kitu."

Nilidanganya, Nekesa. Siku zile simu yangu ilikuwa nzima kabisa. Betri ilianza kuvimba miezi mitano baadaye.

Akaamini mara moja. Uso wake ukalegea, na mimi nikaona kwamba kwa muda wote huo ulikuwa umekazwa, kwamba alikuwa akikanyaga ile mashini kila asubuhi kwa ajili ya mtu ambaye moyoni alikuwa na kinyongo naye. Akanishika mkono. Akasema, "Basi ni simu. Si wewe. Mimi nirikuwa nimekukasirikia bure, mwanangu. Nisamehe." Aliniomba msamaha. Kisha akaenda jikoni kwa kushika ukuta, akanisongea ugali, akanipakulia mboga ya mrenda na akaniwekea kiti chako. Nikala. Nilimaliza sahani.

Kabla sijaondoka aliitoa simu yako chini ya godoro, akaiweka kando ya yangu, akataka niyarudishe maduara mawili kama mwanzo. Nikajaribu, nikijua haiwezekani. La kijani kwenye yako limebaki tupu, na kwenye yangu wewe hupo popote. Akaniuliza sasa nitajuaje kama ameamka. Nikazungumza na jirani yenu, yule yule aliyenipigia Ijumaa ile, naye amekubali kupita kila asubuhi na kuniandikia. Anaandika kweli. Leo ameandika habari ya bibi, "Kukhu ako sawa, amekunywa chai." Lakini huyo ni mtu anayepita mlangoni. Mama yako ameirudishia mashini kifuniko, kwa sababu anasema hakuna tena anayeona.

Nimeyafikiria haya tangu Jumamosi, na leo ni Jumanne. Nimejaribu kujiambia kwamba uwongo wangu umempa amani, na kwamba bibi wa miaka ile hana haja ya ukweli unaouma. Nimejaribu pia kuilaumu programu, na waliotoa ukurasa wa marafiki, na raba, na sukari. Wote wana makosa yao. Lakini siku zile nne kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Simu yako ilihesabu sawasawa, simu yangu ikaonyesha sawasawa, nami nilikuwa na macho. Mama yako ameilaumu simu na akaomba msamaha, na msamaha ule nimekuja nao Kitale kama mali ya wizi. Siwezi kushona nao ndani ya nyumba.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumamosi narudi Sirisia. Nitamketisha mama yako mlangoni, nitainama kwenye sikio lake, na nitamwambia. Na wewe unajua mama yako haambiwi kitu kwa kunong'ona. Itabidi nipige kelele. Itabidi nisimame katikati ya mahindi ya watu nipaze sauti, "Niliona, Mama. Niliona siku zote nne, nikacheka," na kama hajasikia nirudie, mpaka jirani asikie, na wa ng'ambo ya mto asikie, na mzee wa kanisa aliyeniombea asikie. Akinifukuza nitaondoka, na Jumamosi inayofuata nitarudi. Akinyamaza nitakaa hapo chini nipukuchue naye.

Lala salama, fundi wangu. Usinisamehe kwanza. Najua nakuambia ungoje tena, mimi huyu huyu, lakini ngoja Jumamosi ipite.

Wako,
Nyambura